Siku Mgeni Alipomeza Kiazi Kizima

Hii alama iliyo juu ya kifundo cha mkono wangu wa kulia, ambayo wajukuu wamekuwa wakidhani ni ya kuungua na sufuria, ni ya meno ya ng'ombe. Najua mtaniambia ng'ombe hana meno ya juu. Hana ya mbele. Ingiza mkono ndani kidogo, upite ulimi, ndio utajua Mungu alimpa magego ya kutosha. Kila mtu aliyefuga ana alama yake mahali. Ukikutana na mfugaji asiye na hata moja, huyo anafugia kwenye simu.

Mimi nimestaafu. Hakuna aliyeniandikia barua wala kunipa saa ya ukutani. Ni magoti tu yaliyosema basi, na Nyambura, mke wa kijana wangu, akachukua ndoo mkononi mwangu asubuhi moja bila kuniuliza. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayesimamia boma hili letu la ekari tatu hapa juu Kuresoi, na kazi yangu ni kukaa kwenye kiti na kukosoa. Kazi hiyo naifanya vizuri.

Nyinyi vijana wanne mnaokuja Jumamosi kujifunza kwake mmekuwa mkinipita pale mlangoni mkisema, "Niaje shosho, tupe siri." Nyanya yenu huyu hana siri. Lakini wiki ijayo Nyambura anawakabidhi mitamba minne, kila mmoja wenu wake, mkaitunze kwenu. Si zawadi. Mtamba ni wetu, ndama watatu wa kwanza ni wetu, maziwa ni yenu, na ndama wa nne ni wako wewe uliyetunza. Mmeuliza masharti haya yalitoka wapi, na kwa nini sharti la mwisho linasema vile linavyosema. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Mkono unatetemeka kidogo, kwa hivyo someni polepole.

Nianze na aibu, tuimalize mapema. Nilipoanza kufuga nilikuwa na ng'ombe wawili, na wote wawili nikawaua kwa uvivu. Josho, ambako ng'ombe huogeshwa dawa ya kupe kila Alhamisi, lilikuwa mwendo wa saa nzima, njia yote tope, na mimi wakati huo nilikuwa bado napenda viatu. Nikaruka Alhamisi moja. Nikaruka nyingine. Nikajiambia huku juu kuna baridi, kupe hawapandi mlima. Kupe hupanda, tena bila kuchoka, wamebebwa na ng'ombe wa jirani aliyenunuliwa sokoni huko chini kwenye joto. Homa ikaingia, na ndani ya wiki mbili boma likawa tupu. Mzee wangu, baba ya watoto, alikuwa fundi wa mawe, akifanya kazi huko Njoro, akirudi mwisho wa mwezi. Alirudi akakuta kamba mbili zimetundikwa ukutani. Hakuniuliza kitu. Angeuliza ningejisikia nafuu.

Watoto wakaanza kunywa chai ya rangi. Nyinyi mnaiita strungi na mnaona ni mtindo. Kwetu hapa juu, ambapo kila nyumba ina ng'ombe, chai ya rangi ni tangazo.

Basi asubuhi moja akaja Baba Chebet kuuliza kama nimeona kondoo wake aliyepotea. Baba Chebet alikuwa jirani yetu ng'ambo ya kijito, Mkipsigis, mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache. Kuna miaka watu wa upande wetu na watu wa upande wake hawakuwa wakisalimiana vizuri, na sitaki kuwaficha hilo. Lakini kondoo hajui hayo, na mwenye kumtafuta hana budi kubisha hodi. Nikamkaribisha, nikampa chai. Akatazama kikombe chake. Akatazama vikombe vya watoto. Akamaliza chai yake yote, akashukuru, akaenda.

Baada ya wiki moja nikasikia kwato kwenye mawe ya kijito. Alikuwa amekuja na ng'ombe mweusi mwenye doa jeupe usoni, amemshika kwa kamba.

"Mama Njoki," akasema, hata kabla ya salamu, "hii ng'ombe si yako."

"Sijasema ni yangu," nikamjibu. Mdomo wangu haukuwahi kunisaidia.

"Ni yangu. Ndama ni zangu. Maziwa ni yako na watoto."

"Na mimi nitakupa nini?"

"Nimekuuliza kitu?"

Kwa watu wake hiyo ni desturi ya zamani, wanaiita kimanagan. Mtu hafungi ng'ombe wake wote mahali pamoja. Anampa rafiki mmoja amtunze, rafiki anakunywa maziwa, na ikitokea balaa upande mmoja, upande mwingine kunabaki kitu. Nilikuwa nimesikia wanafanya hivyo wao kwa wao. Sikuwa nimesikia wakivuka nayo kijito.

Akanipa masharti akihesabu kwa vidole. La kwanza, nisiuze wala kuchinja bila yeye kujua. La pili, ndama watatu ni wake na wa nne ni wangu, awe dume awe jike. Kidole cha tatu alikishika kwa muda kabla ya kusema. "Ikiwa kuna kitu imetokea, nataka kusikia kwa mdomo yako. Siku hiyo hiyo. Si kwa jirani, si kanisani. Hata kama ni kitu ya aibu."

Nikasema ndiyo. Kusema ndiyo ni rahisi ng'ombe akiwa mzima.

Mama Baraka, rafiki yangu wa jirani, alipomwona huyo ng'ombe akacheka akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Jina likashika. Tukamwita Mgeni, na mgeni huyo akakaa kwangu miaka tisa, na jembe hakulishika. Sisi ndio tulioshika jembe, tukamlimia majani ya nepia.

Mengi Nyambura anayowafundisha leo na vitabu vyake, mimi nilifundishwa na Baba Chebet akiwa amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Siku ya kwanza aliniona nikimvuta Mgeni kwa kamba, mimi mbele, yeye nyuma, tunashindana. Akaniambia, "Wewe unataka kumshinda nguvu?" Akanisogeza ubavuni, karibu na bega la ng'ombe, tukatembea wote watatu bila shida. Alinifundisha kushika sikio asubuhi kabla ya kukamua. Sikio la moto, homa. Sikio baridi kwa ng'ombe aliyezaa juzi, kimbia kwa daktari, usimalize hata kufunga kanga. Alinifundisha kusikiliza ng'ombe akicheua baada ya kula. Ukimya bomani si amani, alisema. Ng'ombe mzima hana ukimya.

Na alinifundisha majira, ambayo nyinyi mnafikiri mnayajua kwa sababu simu inawaambia kesho kutanyesha. Swali si kesho. Mwezi wa pili ukiwa umekauka, unakula kile ulichoweka mwezi wa kumi na moja. Mabua ya mahindi usiyaache shambani yakanyeshewe. Yapandishe kwenye kichanja, hewa ipite chini. Mwezi wa saba, ndama hafi kwa baridi, anafa kwa baridi na sakafu yenye maji. Mvalishe gunia lililoshonwa, sawa, lakini kwanza mkaushie mahali pa kulala. Krismasi watu wote watasafiri, na ng'ombe hana habari kwamba ni Krismasi.

Mvua ndefu zikianza, majani yanachipuka laini, na hapo ndipo tumbo huvimba. Usimwachie ng'ombe mwenye njaa majani ya umande. Mpe kwanza mabua makavu. Akishavimba kwa sababu ya majani, unamnywesha mafuta ya kupikia, polepole, na unamtembeza. Hilo hata mtoto wa darasa la tatu hapa kwetu analijua. Nawaomba mlikumbuke, kwa sababu ndilo lililokaribia kumuua Mgeni mikononi mwangu.

Mgeni alimzalia Baba Chebet ndama watatu, kila mmoja akavuka kijito akienda kwake. Mwaka wa mimba ya nne nilikuwa nahesabu siku. Huyo wa nne alikuwa wangu. Tangu kamba zile mbili zitundikwe ukutani sikuwa nimemiliki hata kwato moja, na kila asubuhi niliweka kiganja kwenye ubavu wa Mgeni nikimngoja ndama acheze.

Mvua mwaka huo haikujua kukatika. Barabara ya kwenda Molo ikawa tope tupu, lori hazipandi, na viazi vyote vya mlima huu vikabaki kwenye magunia vikiota macho. Kila nyumba ikaanza kulisha ng'ombe viazi. Si vibaya, maziwa huongezeka. Lakini kuna sheria. Kiazi cha kijani tupa, kina sumu. Kilichoota, ng'oa macho yake au tupa. Na kiazi kizima usimpe ng'ombe kamwe. Kata vipande vidogo, hata kama panga linakuumiza mkono. Ng'ombe hatafuni kiazi kidogo cha mviringo. Anainua kichwa, kinateleza, kinakwama kooni. Koo likiziba hawezi kubeua, na ng'ombe asiyebeua anavimba kwa hewa ya tumbo lake mwenyewe mpaka pumzi inakosa nafasi. Sheria hii niliijua. Nilikuwa nimeifuata wiki tano bila kukosa hata siku moja.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu kukaribisha kikundi chetu cha akina mama. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Jumapili, na nitasema ukweli: nilitaka wamwone Mgeni akila viazi, tumbo lake limejaa ndama wangu. Nilitaka wale walioona boma langu likiwa tupu waone. Nikawa nakata viazi pale kihorini, saa sita mchana, nikasikia sauti zao langoni. Nikaweka debe chini. Dakika moja, nikajiambia, niwakaribishe tu.

Dakika ya akina mama wanaosalimiana mnaijua. Tuliporudi bomani debe lilikuwa limeanguka, na Mgeni amenyoosha shingo mbele, macho yametoka, mate yanamwagika hadi chini. Akakohoa. Akajaribu kunywa maji kwenye ndoo, na maji yakarudi kupitia puani. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kupanda.

Nikampigia daktari wa mifugo. Simu haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Mama mmoja akasema tumwite mtu wa bucha amchinje angali mzima, nyama isiharibike, na mwingine akaongeza kwamba nyama kama hiyo ingefika Kikopey, kule kwa wachoma nyama, watu wangeila wakisifu. Hawakuwa wabaya. Watu wakiogopa husema lolote.

Mama Baraka akanivuta kando. "Mpigie mwenye ng'ombe," akasema. "Lakini Mama Njoki, si lazima umwambie ni kiazi. Sema ni majani ya umande. Hiyo hutokea kwa kila mtu."

Alisema kwa kunipenda. Na mimi nilitaka kusikia hivyo hivyo. Niliogopa atamchukua ng'ombe wake na ndama wangu akiwa ndani. Niliogopa hata zaidi watakachosema ng'ambo: haya basi, si mlimpa mtu wa upande ule. Nikapiga.

"Baba Chebet, Mgeni amevimba."

"Amekula nini?"

"Majani," nikasema. "Yalikuwa na maji."

"Basi chukua mafuta ya kupikia, nusu lita. Inua kichwa, mpe polepole. Nakuja."

Nikaenda jikoni, nikarudi na chupa. Mama Baraka akainua kichwa cha Mgeni. Nikafungua kifuniko. Na hapo ndipo nikaona tena maji yakidondoka puani mwake, yale maji aliyojaribu kunywa yakashindwa kupita. Nikajiuliza, kama maji hayana njia, haya mafuta yatapita wapi? Jibu nilikuwa nalo, Baba Chebet alinipa mwenyewe mwaka wa kwanza tulipokuwa tukimpa Mgeni dawa ya minyoo: kitu cha tumbo kikiingia njia ya pumzi, umeua. Ushauri wake ulikuwa mzuri kabisa kwa ugonjwa niliomwambia. Kwa ugonjwa wenyewe ulikuwa kisu. Nilikuwa nimesimama na chupa mkononi, karibu kumuua ng'ombe wa mtu kwa uongo wangu, tena kwa ushauri wake mwenyewe.

Nikapiga mara ya pili. Alikuwa anatembea haraka, nilisikia pumzi yake.

"Baba Chebet, nilikudanganya. Ni kiazi. Nilimwachia debe la viazi havijakatwa nikaenda kusalimia wageni. Si majani. Ni mimi."

"Umempa mafuta?"

"Bado."

"Weka chupa chini."

Nikaweka. Hakuuliza kitu kingine juu ya hilo. Akaniambia nimsimamishe Mgeni miguu ya mbele ikiwa juu, kwenye ile sehemu ya boma iliyoinuka, ili tumbo lisikandamize kifua. Nimfunge kichwa kwa mti. Nipapase shingo upande wa kushoto, kutoka kifuani kwenda juu, nitakuta uvimbe mgumu. Niusukume kwa vidole gumba viwili kuelekea taya, polepole, bila kukimbiza. "Usichukue fimbo," akasema, "wala mpira ya maji. Usisukume kwenda chini. Utapasua." Mama mmoja aliyekuwa tayari ameleta mpira wa maji akaurudisha nyuma ya nyumba kimya kimya.

Tulikuwa akina mama tisa wenye nguo za kanisani. Mwenyekiti wetu, mtu wa heshima sana, akashika mkia. Watatu wakashika kichwa. Mama Baraka akaukuta uvimbe, akaanza kusukuma. Ulipanda kidogo, ukakwama, ukapanda tena, mpaka ukawa karibu na koo. Mimi ndiye niliyekuwa na mkono mdogo kuliko wote. Tukaweka mwiko mnene wa kupondea mukimo katikati ya meno yake ili asifunge mdomo, nikavuta mkono wa gauni juu, nikaingiza.

Ndani kuna joto na utelezi, na ulimi unakupiga una nguvu za mtu mzima. Nikakigusa kiazi kwa ncha za vidole, kikaniponyoka. Mwiko ukateleza. Magego yakanishika hapa mlipoona. Sikupiga kelele, kwa sababu nilifikiri nikipiga kelele atashtuka, na kiazi kitarudi chini. Mama Baraka akasukuma mara moja zaidi, kikaja mikononi mwangu, nikakitoa.

Mgeni akabeua. Ile hewa ilitoka kwa muda mrefu sana, na ilinuka, na hatujawahi kufurahia harufu kama siku hiyo. Mwenyekiti bado alikuwa ameshika mkia.

Baba Chebet alifika akiwa na buti moja. Nyingine ilibaki kwenye kijito, na hatujaipata mpaka leo. Hakunitazama. Alienda moja kwa moja kwa Mgeni, akaweka sikio ubavuni, akaweka kiganja kule kunakovimba, akangoja. Akapapasa chini ya tumbo, akangoja tena, na nikaona uso wake ukilegea. Ndama alikuwa amecheza. Kisha akaokota kile kiazi kwenye matope akakigeuzageuza. Kilikuwa kidogo kuliko yai.

"Kiazi mzuri," akasema.

Tukaingia ndani. Nikapika chai ya maziwa, mkono umefungwa kwa kitambaa cha vyombo. Nilimwekea kikombe mbele, nikasimama pale mbele ya kikundi kizima, nikaanza: "Baba Chebet, ile simu ya kwanza..."

"Ulinipigia mara mbili?"

"Ndiyo."

"Ya kwanza nimesahau," akasema. "Leta sukari."

Nikaenda jikoni kuleta sukari, nikalia huko mpaka Mama Baraka akaja kuichukua. Nilikuwa nimejiandaa kupokonywa. Sikuwa nimejiandaa kusamehewa kabla ya kumaliza kuomba.

Wiki iliyofuata alikuja na mti mrefu na misumari. Tukaupigilia juu ya kihori, chini chini, ndio ule mnaougonga kwa vichwa kila Jumamosi mkilalamika. Ng'ombe akila chini yake hawezi kuinua kichwa, na asipoinua kichwa anatafuna. Tulikata viazi vile vile, lakini mti huo ukakaa pale kwa ajili ya siku ambayo mtu atasikia wageni langoni. Hakunikataza kuwa na haraka. Alijua nitakuwa nayo tena.

Ndama akazaliwa mwanzo wa msimu wa baridi, jike, mweusi, doa jeupe pale pale. Baba Chebet alikuja, akamfunga kamba yeye mwenyewe, akanipa ncha yake. "Hii ndiyo yako," akasema. Nikamwita Neema. Ng'ombe wote watano mnaokamua leo, na hii mitamba minne, ni kizazi chake. Mgeni alipozeeka tulimrudisha kwa mwenyewe, mimi na Mama Baraka, tukatembea naye ubavuni, tukavuka kijito.

Leo kuna mashine ya kukata viazi na majani pamoja, ukiwasha tu imemaliza. Mbegu ya dume inaletwa kwa pikipiki. Nyambura ana kitabu cha kila ng'ombe, na daktari anatumiwa picha ya kinyesi asubuhi kabla hajanywa chai, maskini. Nafurahi. Sitawaambia kwamba zamani ilikuwa bora. Zamani nilimeza baridi nyingi isiyo na faida. Lakini mashine huzimika, simu haipatikani, na dakika moja bado ni dakika moja.

Baba Chebet alituacha msimu wa baridi uliopita. Mazishini kulikuwa na watu wengi, wa pande zote mbili za kijito, na waliponipa maikrofoni nikaona heri niseme yote. Nikasimulia chai ya rangi. Nikasimulia kiazi, na mwenyekiti na mkia, wakacheka sana. Kisha nikawaambia kwamba nilimdanganya, na kwamba uongo wangu ungemuua ng'ombe wake. Nikashukuru, nikaketi.

Baadaye Chebet, binti yake, akanijia. Ni mama sasa, ana watoto watatu. Akashika mkono wangu, akaipapasa alama.

"Mama," akaniambia, "hadithi ya kiazi chako tulilelewa nayo. Kila tulipokata viazi vya ng'ombe, baba alitusimulia. Alisema: Mama Njoki alinipigia akaniambia, Ni mimi. Alitaka tujifunze kusema hivyo." Hakuuachia mkono wangu. "Hiyo simu ingine hatujawahi kuisikia. Hata mama hakuijua."

Miaka yote nilidhani alisema amesahau ili nisiaibike mbele ya wageni wangu. Kumbe alifanya kazi ya kusahau, nyumbani kwake, kwa mke wake, kwa watoto wake, siku kwa siku, mpaka akaingia kaburini hajaikumbuka. Nilimshukuru kwa ng'ombe mara nyingi. Kwa hilo sikupata nafasi ya kumshukuru, na ndilo kubwa.

Kwa hivyo wiki ijayo mkishika kamba, shikeni mkiwa ubavuni. Kateni viazi. Shikeni masikio asubuhi. Na kitu kikitokea, kwa sababu kitatokea, tupigieni siku hiyo hiyo, mtuambie ng'ombe amekula nini hasa. Nyambura akiwa na kazi, nambari yangu mnayo, na mimi niko tu hapa kwenye kiti. Mkinipigia mara mbili, ya kwanza nitaisahau.